Gari la kilomita nyingi: namna ya kulitunza vifaa vyake vinapoanza kuchoka

Gari likishavuka kilomita 200,000, matatizo huacha kuja moja moja. Wiki hii linatoka jasho la oili kwenye tapeti kava (mfuniko wa juu wa injini), wiki ijayo linagonga mbele upande wa kushoto, na kabla hujamaliza hayo mshale wa joto unapanda ukiwa kwenye foleni. Wengine hukata tamaa hapo na kuliuza kwa hasira. Wengine huanza kununua spea kwa kupiga ramli, leo sensa, kesho shokapu, keshokutwa pampu, na gari linabaki vilevile.

Nimeishi na gari la namna hii miaka mingi, na nina hakika na jambo hili: umri peke yake mara chache ndio hulimaliza gari. Hulimaliza kazi zinazofanywa kwa mpangilio mbaya, yaani pesa kwenda kwenye kelele huku oili na maji vikipuuzwa, na kifaa kubadilishwa kabla hakijapimwa. Irv Gordon, mwalimu wa sayansi wa Marekani, alinunua Volvo P1800S mwaka 1966, na mwaka 2013 gari hilohilo lilifikisha maili milioni 3, yaani kama kilomita milioni 4.8. Halikuwa gari la miujiza. Alichokuwa nacho ni nidhamu ya kulihudumia kwa wakati.

Hatua ya 1: Lijue gari kabla hujanunua chochote

Chukua daftari. Andika kilomita za leo, kisha kila unachojua kilichobadilishwa na lini. Usichokijua, kihesabu kuwa hakijafanyika. Gari lililonunuliwa mkononi mwa mtu na maneno "taimingi belti ilibadilishwa juzi" bila risiti ni gari lenye mkanda wa zamani, mpaka uufungue uuone.

Safisha injini. Injini iliyojaa mafuta na vumbi haikuambii inavujia wapi. Funika alteneta na plagi za umeme kwa nailoni, tumia sabuni na brashi, na usielekeze maji ya presha kwenye nyaya.

Jioni, egesha gari mahali palipo sawa na utandaze boksi kubwa lililokunjuliwa chini ya injini na gia boksi. Weka alama inayoonyesha mbele ni wapi. Asubuhi lisome hilo boksi. Tone jeusi au la kahawia katikati ni oili ya injini. Jekundu au la waridi linaloteleza huenda ni oili ya gia au ya usukani; la kijani, waridi au bluu lisiloteleza sana na lenye harufu tamutamu ni kulanti, yaani maji ya dawa ya rejeta. Tone la rangi ya asali karibu na tairi ni la hatari, kwa sababu huenda ni oili ya breki. Maji matupu upande wa abiria mara nyingi ni ya kiyoyozi, hayo yaache. Piga picha ya boksi, kisha rudia baada ya mwezi. Picha mbili zitakuonyesha mvujo upi umetulia na upi unakua.

Soma pia umri wa matairi. Pembeni kuna msururu unaoanza na herufi DOT; tazama tarakimu nne za mwisho wake: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye miaka kumi libadilishe hata kama meno yake bado ni marefu, maana mpira huzeeka ukiwa umesimama.

Mwisho wa hatua hii, ingiza namba ya chesisi kwenye tovuti ya mtengenezaji uone kama gari liliitwa kurekebishwa. Mamilioni ya magari ya miaka ya 2000 yalifungwa mifuko ya hewa ya Takata ambayo kemikali yake huharibika kwa joto na unyevu, na mfuko unapofunguka unaweza kurusha vipande vya chuma. Mifuko hiyo hubadilishwa bure.

Hatua ya 2: Panga foleni ya kazi

Utakuwa na orodha ndefu kuliko mfuko wako. Igawe mafungu manne kwa mpangilio huu: kinachoweza kuua mtu, kinachoweza kuua injini au gia boksi, kinachoweza kukulaza njiani, na kinachokera tu. Usiguse fungu la nne kabla ya la kwanza kuisha. Najua kelele ya dashibodi inaumiza kichwa kila siku na oili ya breki iliyochoka haipigi kelele. Ndiyo sababu foleni lazima iandikwe, ili masikio yasikuchagulie kazi.

Hatua ya 3: Breki, usukani na matairi

Kabla ya kuingia chini ya gari: jeki ni ya kunyanyulia tu. Weka stendi za chuma mahali pagumu, zuia matairi yaliyobaki chini, litikise gari kwa nguvu, ndipo uingie. Hakuna kazi ya "dakika moja tu" chini ya jeki peke yake.

Breki pedi mpya huwa na unene wa milimita 10 hivi. Zikifika 3, badilisha. Lakini kwenye gari kuukuu pedi si tatizo kubwa kama pini za kaliperi, yaani kibanio kinachozikaza pedi. Pini zikikauka, pedi ya ndani huisha huku ya nje ikiwa nzima, na tairi moja huwa la moto kuliko lenzake. Baada ya mwendo wa kawaida, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa na ulinganishe joto. Fungua pini, zisafishe, paka grisi ya breki inayostahimili joto, na ubadilishe vijimpira vyake.

Oili ya breki hunyonya unyevu hewani. Aina ya DOT 3 ikiwa mpya huchemka isipungue nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishanyonya maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 140. Kwenye mteremko mrefu breki zikipata moto, oili ya namna hiyo hutoa mvuke na pedo inazama chini. Ibadilishe yote kila baada ya miaka miwili.

Kwa usukani, nyanyua tairi la mbele na ulishike. Likicheza ukiwa umelishika juu na chini, shuku beringi au boljointi (kiungo cha duara kinachoshika tairi). Likicheza ukiwa umelishika kushoto na kulia, shuku tairodi endi (ncha ya fimbo ya usukani). Boljointi iliyolegea haisubiri mwisho wa mwezi. Ikichomoka, tairi hulala na gari halina usukani tena.

Hatua ya 4: Joto

Injini nyingi kuukuu hazifi kwa kuchoka, hufa kwa kuchemsha siku moja. Hedi (kichwa cha injini) ya aluminiamu ikipinda, gasketi inaachia, na kazi ya mfuniko wa rejeta inageuka kuwa kazi ya kufungua injini.

Anza na huo mfuniko, maana ni kifaa kidogo kinachodharauliwa sana. Kazi yake ni kushikilia presha. Kwa presha ya kama bar 1, maji yaliyokuwa yachemke kwa nyuzi 100 huvumilia hadi karibu 120. Mpira wake ukikatika au springi ikilegea, mfumo hautunzi presha na maji yanachemka mapema ingawa rejeta ni nzima. Badilisha mfuniko na uweke wenye namba ileile iliyoandikwa juu yake.

Kisha binya mipira ya rejeta injini ikiwa ya baridi. Mpira mzuri unabonyea na kurudi. Uliolainika kama tambi iliyopikwa, au uliokauka ukatoa mlio wa kupasuka, umekwisha. Angalia zaidi pale kwenye klempu, ndipo huanza kuvimba. Binafsi hubadilisha wa juu, wa chini na ile midogo ya hita kwa mkupuo mmoja, pamoja na themostati, kwa sababu maji yanamwagwa mara moja na vyote vina umri mmoja.

Weka kulanti ya aina iliyotajwa kwenye kitabu cha gari, iliyochanganywa na maji yaliyochujwa madini. Maji ya bomba matupu huacha magamba na kutu ndani ya rejeta na kula wota pampu. Baada ya kujaza, toa hewa: pua ya gari iwe juu kidogo, hita iwe kwenye joto la mwisho, mfuniko wazi tangu injini ikiwa baridi, kisha washa na uendelee kuongeza taratibu hadi feni ijiwashe na hita itoe hewa ya moto. Hewa ikibaki ndani, mshale unaweza kudanganya kabisa.

Ukiona mapovu yanatoka mfululizo kwenye rejeta tangu injini ikiwa baridi, au mipira inakuwa migumu dakika chache tu baada ya kuwasha, moshi wa silinda unaingia kwenye maji. Usimimine dawa ya kuziba. Pima gasketi ya hedi.

Na mshale ukipanda barabarani: zima kiyoyozi, fungua hita ya moto hadi mwisho, tafuta pa kusimama, zima injini. Usifungue mfuniko wala kumwaga maji ya baridi juu ya injini. Subiri ipoe hadi uweze kuushika mpira wa juu bila kuungua.

Hatua ya 5: Oili, na kwa nini inapotea

Injini ya kilomita nyingi huruhusiwa kula oili kidogo. Kosa ni kutojua inakula kiasi gani. Asubuhi, gari likiwa mahali pa sawa, jaza hadi alama ya juu ya kijiti na uandike kilomita. Baada ya kilomita 1,000 pima tena. Katika magari mengi madogo, kutoka alama ya chini hadi ya juu ni karibu lita moja. Sasa una namba, na mjadala na fundi utaanzia kwenye namba.

Oili huondoka kwa njia mbili, kuvuja au kuungua. Moshi wa bluu ukiwasha asubuhi kisha ukakata, mara nyingi ni sili za valvu. Moshi wa bluu unapokanyaga mafuta na gari lina mzigo, fikiria ringi za pistoni. Moshi mweupe mzito usiokata hata injini ikipata moto ni maji. Mweusi ni petroli au dizeli iliyozidi.

Kuhusu kuvuja, kuna kifaa kimoja ninachotamani kila mwenye gari kuukuu akijue: valvu ya PCV. Ndani ya injini kuna gesi zinazopenya pembeni mwa pistoni na kushuka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Valvu hii ndogo, aghalabu iko juu ya tapeti kava, huzirudisha zikachomwe. Masizi yakiiziba, gesi hukosa pa kutokea, presha inapanda na kusukuma oili kwenye kila sili iliyokauka. Gari langu lilibadilishwa sili ya nyuma ya krenki, kazi ya kushusha gia boksi, na baada ya miezi mitatu likavuja palepale. Fundi wa pili alichomoa valvu ya PCV akaitikisa sikioni mwangu. Kimya. Nzima huwa inacheza ndani, chaka chaka. Tuliweka mpya, sili ikabadilishwa tena, na mvujo haukurudi. Sili haikuwa na kosa mara zote mbili.

Ipime mwenyewe. Injini ikiwaka bila kukanyaga mafuta, fungua kifuniko cha kujazia oili na ulaze karatasi nyepesi juu ya tundu. Ikivutwa kidogo au ikatulia, vizuri. Ikirushwa kwa nguvu, ama upumuaji umeziba ama ringi zimechoka. Anza na valvu na mpira wake, ndiyo rahisi. Baadhi ya injini zina utando ndani ya tapeti kava badala ya valvu inayotoka, na hapo hubadilishwa utando au kava zima.

Kuhusu unene wa oili, usikurupukie nzito ili "izibe". Kitabu cha gari huwa na zaidi ya daraja moja linalokubalika. Kama kinaruhusu 5W-30 na 10W-30, chagua humo. Oili nzito kupita kiasi huchelewa kufika juu asubuhi, na asubuhi ndipo injini huchakaa zaidi. Badilisha kila kilomita 5,000 hadi 7,000 gari likiwa la safari fupi, vumbi na foleni. Ukikuta oili imekuwa kama chai ya maziwa, usiwashe injini tena, maji yameingia.

Hatua ya 6: Taimingi na gia boksi

Taimingi belti nyingi huagizwa kubadilishwa karibu na kilomita 100,000 au baada ya miaka kadhaa, kimojawapo kinachotangulia. Katika injini nyingi za kisasa, mkanda ukikatika pistoni hupiga valvu. Ukibadilisha, badilisha na tenshena, puli zake, oili sili za mbele, na wota pampu kama inazungushwa na mkanda huo. Kurudi kufungua palepale baada ya mwaka kwa sababu ya pampu ni kulipa ufundi mara mbili.

Injini ya cheni haina muda huo, lakini cheni hurefuka na miongozo yake huvunjika, hasa oili ikicheleweshwa. Mlio wa kukwaruza kwa sekunde chache ukiwasha asubuhi ndiyo taarifa yake.

Gia za otomatiki: tone la oili kwenye karatasi nyeupe likiwa la kahawia na lenye harufu ya kuungua, imechoka. Ukifungulia nati ya chini, sehemu kubwa hubaki ndani ya tokikonvata, hivyo mwaga na ujaze, endesha wiki chache, urudie mara mbili au tatu. Tumia aina iliyoandikwa kwenye kitabu na si "inayofanana". Gia boksi ya CVT (otomatiki isiyo na hatua za gia) ikiwekewa oili ya gia za kawaida huharibika. Kama gia tayari zinateleza, oili mpya haitaziponya.

Hatua ya 7: Mpira uliochoka

Kelele nyingi za gari kuukuu zinatoka kwenye mpira: bushi, mauntingi, vifuniko vya vumbi. Niliwahi kubadilisha shokapu zote mbili za mbele kwa ajili ya mlio ule wa kugonga "ko-ko-ko" kwenye matuta madogo, na mlio ukabaki. Ilikuwa stabilaiza linki, kipande kifupi kama kalamu. Tangu hapo nasikiliza kwanza. Mlio mkavu wa kugonga kwenye mashimo madogo kwa mwendo mdogo: fungua linki zote mbili, endesha polepole barabara ileile, ukitoweka umeipata. Mlio wa "ta-ta-ta" ukikata kona hadi mwisho ni jointi ya nje ya ekseli. Angalia kama kifuniko chake kimepasuka na kurusha grisi kwenye rimu. Mngurumo unaokua na mwendo, ukizidi ukikata kushoto, ni beringi ya kulia mara nyingi, kwa kuwa ndiyo iliyobeba uzito. Gari likitetemeka ukiwa kwenye D umekanyaga breki na kutulia ukiweka N, tazama mauntingi za injini.

Sasa bushi za wishboni, mkono wa chuma unaounganisha tairi na chesisi, na hapa nina ombi kwa yeyote atakayekuwa na spana mkononi. Bushi ya mpira haizunguki kama beringi. Mpira umegandishwa kwenye chuma cha ndani na cha nje, na hujinyonga gari linapopanda na kushuka. Ukikaza bolti yake gari likiwa juu ya stendi na tairi linaning'inia, umeifunga katika hali hiyo. Gari likishuka, mpira unanyongwa na kubaki hivyo muda wote, na baada ya miezi umechanika. Watu husema spea ilikuwa mbovu. Ingiza bolti na uzikaze kidogo tu, shusha gari likae juu ya matairi yake au nyanyua wishboni kwa jeki hadi ifike kimo cha kawaida, lisukume mara kadhaa, ndipo ukaze kwa nguvu kamili. Kisha nenda kwenye alaimenti.

Shokapu badilisha kwa jozi, kushoto na kulia.

Hatua ya 8: Umeme na taa ya cheki injini

Betri iliyojaa na kupumzika usiku husoma volti 12.6 hivi; 12.2 ni nusu. Injini ikiwaka, alteneta itoe kati ya 13.7 na 14.7. Kabla ya kulaumu stata, pima waya wa athi: ncha moja ya mita kwenye chuma cha injini, nyingine kwenye hasi ya betri, mwenzako apige stata. Ikizidi volti 0.5, waya au mahali ulipofungwa pameoza. Kusafisha kwa sandpepa kumeokoa stata nyingi.

Taa ya cheki injini ikiwaka, soma msimbo wa kosa kwa kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, lakini usinunue kifaa kilichotajwa na msimbo. P0171 inasema mchanganyiko una hewa nyingi au petroli kidogo. Haijasema sensa imekufa. Sababu inaweza kuwa mpira wa hewa uliopasuka nyuma ya injini, sensa ya hewa iliyochafuka, au pampu ya petroli iliyochoka. P0420 hulaumu katalisti (kisafisha moshi kwenye ekzosti), na mvujo wa ekzosti au injini inayomisi huweza kuileta. Taa ikiwa inapepesa, injini inamisi kiasi cha kuunguza katalisti. Punguza mwendo na usimame.

Hatua ya 9: Spea, na lini uache

Kwa themostati, mfuniko wa rejeta, sensa, oili sili na chochote cha taimingi, nunua orijino au ya kampuni iliyomtengenezea mtengenezaji. Kazi ya kukifikia ni ndefu kuliko kifaa chenyewe. Spea za mtumba zinafaa kwa milango, taa, kioo, hata alteneta iliyopimwa. Hazifai kwa breki, boljointi, mipira na mikanda. Chukua kifaa cha zamani mkononi unapokwenda kununua, na ulinganishe kimo, matundu na meno kabla ya kulipa. Usikitupe mpaka kipya kiwe kimefanya kazi.

Injini na gia boksi vinaweza kubadilishwa. Kutu ndiyo inayotoa uamuzi. Mara moja kwa mwaka gonga kwa mpini wa bisibisi sehemu zinapofungwa wishboni, pale jeki inapokaa, na kingo za sakafu. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti bubu na kumomonyoka. Kagua pia mabomba ya chuma ya breki kwa vidole, nyuma juu ya ekseli ambako tope hukaa. Bomba hubadilishwa. Lakini chesisi ikishatoboka pale wishboni inaposhika, gari hilo lisiingie barabarani tena. Toa betri, matairi na alteneta mpya uliyoiweka, na daftari lake mpe atakayenunua injini, maana ndani yake mna kilomita ya kila oili iliyowahi kumwagwa.